Siku Tuliyokanyaga Kiwanja cha Ndege kwa Ngoma

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka miguu hii huanza kuwasha utadhani imesikia ngoma. Na miguu yenyewe unaijua: hapa Lakeville, Minnesota, nashuka ngazi za nyumba ya baba yako huku nimeshika ukuta, na mama yako ananifokea nisitie pua nje kwenye barafu. Lakini siku ile! Sogea hapa, Atupele, weka simu pembeni, nikusimulie.

Nilikuwa nesi kijana, sijaolewa, damu inachemka. Kanisa letu kule nyumbani Tukuyu lilikuwa na urafiki na kanisa la Papua, kwenye kisiwa kikubwa kilicho kaskazini mwa Australia, likanituma nikahudumu katika zahanati ya milimani. Nilidhani naijua milima, mimi mtoto wa Rungwe. Loo, kuishi kwingi ni kuona mengi! Milima ya kule imesimama wima, mmoja nyuma ya mwenzake, na mawingu yamelala katikati kama maziwa kwenye bakuli. Barabara hakuna. Kijiji kizima kilikuwa ubavuni mwa mlima: nyumba za mviringo za nyasi, moto katikati ya nyumba, na moshi ukijitafutia njia ya kutokea paani. Mashamba ya viazi vitamu yalipanda mteremko ambao mbuzi wetu wa nyumbani angeukataa. Wanawake walibeba viazi, kuni, hata watoto wachanga, ndani ya mifuko ya kusuka yenye mkanda unaopita kwenye paji la uso. Nguruwe wao waliwatembeza kwa kamba, kama Wamarekani hawa wanavyotembeza mbwa kando ya ziwa. Na baridi ya asubuhi, mwanangu! Usinitishe na Minnesota. Hapa kuna hita.

Mlango wetu wa kutokea duniani ulikuwa mmoja tu: kiwanja cha ndege cha udongo, kimechongwa kwenye mteremko, chini yake korongo, juu yake mlima. Kindege kidogo kilileta chumvi, sabuni, dawa na misumari, kikaondoka na magunia ya kahawa na wagonjwa wangu. Wenyeji walikiita *balus*, neno lao la njiwa. Kikisikika tu, kijiji kizima kinakimbia, na mimi mbele yao.

Basi mwaka ule mvua zikanyesha kana kwamba mbingu imetoboka. Mlima ukaporomosha tope, likafunika nusu ya chini ya kiwanja. Watu wakalizoa kwa majembe, kwa vijiti, kwa mikono, mpaka kiwanja kikaonekana tena. Ila ardhi ilibaki laini kama ugali ambao haujaiva. Unakanyaga, mguu unazama.

Katikati ya hayo Keria akashikwa na uchungu. Keria alikuwa msichana mcheshi aliyenifundisha lugha ya pale, akinicheka kila nikikosea. Alikuwa ameolewa mwaka uliotangulia. Nikampima kwa mikono. Mtoto amelala mkingamo tumboni. Mtoto wa namna hiyo hatoki ila kwa upasuaji, na upasuaji ulikuwa hospitali ya bondeni, safari ya siku kadhaa kwa miguu kupitia makorongo ambayo daraja zake za kamba zilikuwa zimekwenda na maji.

Asubuhi nikampigia rubani kwa redio. Alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza, aliyezika rafiki zake wengi katika milima ile.

"Nitapita kabla mawingu hayajafunga," akasema. "Nikiona ardhi imeshikana, nitatua. Nikiona inang'aa maji, nageuza. Sitaua watu ili kuokoa mtu. Umenielewa, sista?"

Nikamwelewa. Nikatoka nje, nikakitazama kiwanja kinavyong'aa maji, nikaketi juu ya jiwe, nikalia.

Hapo ndipo aliponikuta Wano, bibi yake Keria. Kikongwe mwembamba, meno mawili, kitambaa chekundu kichwani. Hakunibembeleza hata kidogo.

"Unalia nini?"

"Namlilia Keria, bibi."

"Machozi ni maji. Maji tunayo mengi mno, ndiyo yaliyotuharibia kiwanja." Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Ulipokuja hapa ulikuwa kama mwanzi. Umenona kwa viazi vyetu. Mimi sina uzito, upepo ukivuma nashika mti. Nitakaa na mjukuu wangu, nimshike mkono. Wewe mzito, nenda ukakanyage."

"Nikakanyage nini?"

"Kiwanja! Huwasikii?"

Nikasikiliza. Kumbe huku mimi nalia, wenzangu walikwisha kuanza. Wanaume wa kijiji walikuwa wamejipanga upande wa chini wa kiwanja, bega kwa bega, mikono imefungana, wanaimba kwa sauti nzito, na kila kituo cha wimbo wanaruka wote kwa pamoja na kushuka wote kwa pamoja. Du! Nyuma yao wanawake. Nyuma yao wazee na fimbo zao. Wengine wakimwaga mchanga na nyasi kavu mbele ya mstari, mstari unapita juu yake, unageuka, unarudi. Walikuwa wakiushindilia udongo kwa ngoma!

Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimemaliza mwaka bila jembe. Nikavua viatu vyangu vyeupe vya unesi, nikafunga gauni kiunoni, nikajipenyeza katikati ya wanawake. Mwanzoni nikawa naruka wao wakishuka, nashuka wao wakiruka. Wakacheka, katika shida ile wakacheka! Kisha mguu ukakamata mdundo, nikaachia na hatua za kwetu Unyakyusa, wakapiga vigelegele, tope likaruka mpaka masikioni. Nilikuwa na hofu, mwanangu, nayo hofu ikageuka kuwa moto, na moto ukaingia miguuni.

Lakini tulikuwa wachache. Jua lilikuwa linapanda, na ardhi bado inatikisika chini yetu.

Ghafla wimbo ukakatika. Nikainua macho. Juu ya ukingo, upande wa pili wa kijito, wamesimama watu. Ukoo wa ng'ambo. Koo hizi mbili zilikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na nguruwe waliouawa, na tangu nifike sikuwahi kuwaona wakisalimiana. Majeraha ya mishale niliyoyafunga pale zahanati yalitoka kwenye ugomvi huo. Sasa wamejipanga kimya, na pinde mikononi. Karibu nami mume wa Keria aliinama, akaokota jiwe.

Wakashuka. Mbele yao mzee wao, Kagua, mtu mkubwa kama mlango. Akaja mpaka mwanzo wa kiwanja, akasimama.

"Tumesikia wimbo," akasema Kagua. "Nani anaumwa?"

Mume wa Keria akajibu, "Mke wangu. Mtoto amekataa njia."

Kagua akaitazama ile ardhi. Akabonyeza kwa kidole chake cha mguu, maji yakatoka. Kisha akauweka upinde wake chini, juu ya nyasi, taratibu kama mtu anayelaza mtoto. "Sogeeni," akasema. "Mko wachache, na nyie ni wembamba."

Ee Mungu wangu! Walivyoingia! Wanaume, wanawake, wasichana, wameacha pinde zao pale kwenye nyasi, wakafunga mikono na mikono yetu, na Kagua akaanzisha wimbo kutoka kifuani. Sasa tuliposhuka, mlima ulijibu. Du! Du! Niliusikia mpaka kwenye meno. Tukaenda, tukarudi, tukaenda, jasho na tope, na hakuna aliyekumbuka nguruwe ni wa nani. Wagombanao ndio wapatanao, lakini sikujua kama huweza kuwa ghafla hivyo.

Mara mtu akapiga ukelele: "Balus!"

Kikatokea kwenye mwanya wa milima, kidogo kama inzi. Tukakimbilia pembeni. Kikapita juu yetu chini kabisa, nikamwona rubani amechungulia dirishani. Kikapita, kikaenda. Kikaingia mawinguni. Nikajua ameona maji. Kisha mngurumo ukabadilika, pua ikatokeza upya, inakuja moja kwa moja! Magurudumu yakagusa, tope likaruka pande zote, kikayumba, kikayumba tena, kikapanda mteremko kikihema, kikasimama mbele ya mlima.

Sijawahi kupiga kelele namna ile, wala siku ya harusi yangu.

Tukamleta Keria kwenye machela, mabega ya ukoo huu mbele, mabega ya ukoo ule nyuma. Wano akamwachia mkono mlangoni mwa ndege tu. Nikapanda naye. Kule bondeni wakampasua, na kabla jua halijazama mtoto alikuwa nje, msichana, analia kwa hasira, na mama yake mzima. Wakamwita Balus.

Sasa nasema nawe, mwanangu. Jana umenieleza habari za yule baba Mkongo wa Eagan, mji wa karibu hapa, aliyevunjika mguu, na kwamba Jumamosi familia yake inahama nyumba katika theluji hii. Ukaniambia, "Bibi, inaniuma sana, *I feel so bad*." Ukanionyesha kwenye simu kikatuni kinacholia ulichomtumia. Nami sikukufokea, kwa sababu kuumia ni mwanzo mzuri, na moyo wako ni mwema. Lakini huruma inayokaa kwenye kochi haijambebea mtu kitanda.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Ukisikia jirani yako amepatwa, usijipime kwanza kama unaijua kazi, wala usingoje mpaka uitwe. Nenda na uzito wako wote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nenda na wenzako, na yule mliyenuniana naye kanisani mpigie simu wa kwanza, maana kubeba meza pamoja kumepatanisha watu wengi kuliko vikao. Hapa ugenini heri jirani wa Eagan kuliko ndugu wa Tukuyu anayekupungia mkono kwenye video. Na usiende umekunja uso. Nenda na nyimbo, nenda na kelele, mwenye shida asikie kwamba watu wanakuja.

Mungu akupe mgongo usiochoka na rafiki wasiokimbia. Akupe gari lisilozimika kwenye baridi, mke atakayecheka nawe, na watoto watakaokujibu kwa Kiswahili. Kila mlango utakaoubisha ufunguliwe kwa furaha. Amina, mjukuu wangu. Haya, mpigie yule Mkongo, muulize saa ngapi.