Sufuria Yenye Masizi

Nikiwa msichana wa miaka minane, kwetu karibu na Kiritiri, maji tuliyachimba mchangani. Mto ulikauka karibu mwaka mzima, lakini ukifukua shimo la kufika kiunoni, maji yalijitokeza polepole, safi na ya baridi. Mama alipikia hayo, mbuzi walikunywa hayo, na sukuma wiki yake ya kuuza sokoni ilinyweshwa hayo. Malori nayo yalikuja pale pale kuchukua mchanga wa kujengea nyumba za Embu mjini. Baba alikuwa mmoja wa wapakiaji.

Cucu, mama yake baba, alikuwa na sheria moja: maji yachotwe kwa kibuyu. Sufuria yenye masizi ikiyagusa, mwenye maji hukasirika na kuhama. Huyo mwenye maji alikuwa nani, hatukuthubutu kuuliza.

Siku moja nilisahau kibuyu. Jua lilikuwa kali na nyumbani ni mbali. Nikatazama huku na huku, nikachota kwa sufuria ya githeri, nyeusi tii. Dada yangu Igoki aliniona. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwa mtu wa kuchongea. Alinisugua masizi mikononi kwa mchanga, tukaenda zetu.

Mwezi haukuisha kabla maji hayajashuka. Tulichimba hadi shimo likapita kimo cha mtu mzima. Cucu akatuita sote.

"Ni nani ametia sufuria?"

Nililia kabla hajanifikia.

"Basi ni wewe umefukuza maji, mwana wangu," alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Baba alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia viatu vyake.

Igoki alikuwa mwembamba, kwa hiyo yeye ndiye aliyeteremka shimoni. Mimi nilivuta ndoo kwa kamba. Asubuhi ya tatu ukuta wa mchanga ulianguka bila kelele, kamba ikakataa kuvutika. Nilipiga mayowe, watu wakaja na majembe. Walimtoa adhuhuri, akiwa amekufa.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba mchanga ndio uliotutunzia maji. Kila lori lililoondoka, maji yalizidi kushuka. Sufuria yangu haikuhusika kabisa.

Siku iliyofuata mazishi ya Igoki, lori lilipiga honi mtoni. Baba hakwenda, na hakushika beleshi la mchanga tena maishani. Kwa hiyo alijua. Cucu alikufa akiamini ni mimi, na baba akamwacha aamini. Miaka yote nilimngoja baba aniambie neno moja tu. Tulimzika mwaka jana. Nilimlilia sana, na sijamsamehe.

Siku hizi nakaa mtaa wa Dallas, Embu mjini. Nina mfereji jikoni na napika kwa gesi, sufuria zangu hazina masizi. Bado nazisugua kwa nje kabla sijakinga maji.