App ilisoma ripoti mbele ya site nzima, fundi aliyenilea akafunga mwiko wake na kuondoka

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili sijasimuliwa, limenikuta mwenyewe, na pale ninapojiaibisha sitaruka.

Mimi ni mkandarasi mdogo. Nilipata kazi ya kujenga ghala la mfanyabiashara wa mahindi pale Rulenge.

Shida ikawa mafundi. Wenye nguvu wamekimbilia machimbo ya dhahabu, wengine wako kwenye miradi mikubwa. Nilibaki na wanne tu, na msimamizi sina.

Ndipo nikajiunga na app ya AI. Napiga picha za kuta kila jioni, sehemu ya kila fundi kwa namba yake, yenyewe inalinganisha na ramani, inapanga kazi ya kesho na kuandika ripoti. Kwa kweli ilinibeba. Nikaanza kutamba nayo hadi kwa muuza chai.

Asubuhi moja, tulipomaliza sala ya kuanzia kazi, nikaunganisha simu na spika ili kila mtu asikie ripoti. Mimi mwenyewe sikuwa nimeisoma. Sifa, wakuu.

Ile sauti ikasema: "Fundi namba tatu, kasi yake ni nusu ya wenzake. Kozi zake za tofali zinapanda upande wa kushoto. Inashauriwa abadilishwe."

Kila mtu alijua namba tatu ni nani. Mzee Bonifasi.

Huyu ndiye aliyenifundisha kushika mwiko nilipomaliza la saba sina mbele wala nyuma. Nilikula kwake kijijini Keza miaka miwili, sikuwahi kudaiwa hata kuni.

Hakuna aliyecheka. Mzee akaosha mwiko wake, akaufunga kwenye kiroba.

"Kazi njema, wanangu," akasema, akaondoka.

Nitawaambia ukweli wote: kwanza nilipata nafuu moyoni. Nilikuwa nimeona anachelewesha kazi nikaogopa kumwambia. Niliona ni uzee tu.

Baadaye nikaenda kwenye upande wake wa ukuta. Pima maji yake imelala na vumbi, haijaguswa. Halafu kwenye udongo wa jana uliokauka, kila tofali, kuna alama za vidole mwanzo hadi mwisho. Alikuwa anajenga kwa kupapasa.

Nikajua nimemkosea.

Sasa kwetu, mkubwa ukimkosea huombi radhi kwa simu. Unabeba pombe ya ndizi na unakwenda na mtu wa kusimama kati yenu. Mchana uleule nikamchukua fundi mwenzake, Deo, tukapanda pikipiki kwenda Keza, yeye nyuma amekumbatia dumu.

Tulimkuta Mzee amekaa nje.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Huyo mwenzako nani?"

Deo alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Wamejenga ukuta mmoja mwezi mzima.

Mkewe akatoka ndani na vikombe. Akasema bila kuzunguka, "Haoni. Mimi mwenyewe ananijua kwa sauti. Alinikataza nisikwambie."

Nikamuuliza Mzee kwa nini alinificha.

"Ungebaki na nani? Mafundi wameisha. Nikasema nikufikishe kwanza kwenye linta, pale juu ya milango, ndipo niseme."

Wakuu, nililia. Mtu mzima, mkandarasi, na helmeti bado iko kichwani. Deo akajifanya anakaza mfuniko wa dumu.

Nikaomba radhi, Deo akaongeza maneno yake, Mzee akapokea kikombe na kunywa. Kisha akauliza:

"Hicho kisimu kimesema kozi zangu zinapanda upande gani?"

"Kushoto, Mzee."

"Basi kesho zivunje. Mwenye ghala usimwachie ukuta mbovu kwa ajili yangu."

Tukavunja kozi nne. App nikaibadilishia ratiba, siku ya kumaliza ghala ikasogezwa mbele, mwenye mali akanuna kisha akaelewa. Mzee nikampeleka hospitali, wakasema ni mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilikuwa nimekaa mbele yake. Alinitazama, akanyoosha mkono akanishika kichwa.

"Kumbe una mvi, mwanangu. Ulizipata lini?"

Nikainamisha kichwa azione vizuri.

App bado naitumia, na sitadanganya kwamba ilikosea. Ilisema kweli tupu. Mimi ndiye niliyeisimamisha mbele za watu imseme mtu ambaye ningetakiwa kumuuliza pembeni, tena mapema sana, maana nilikuwa naye kila siku. Sasa ripoti yoyote yenye mtu ndani naisoma peke yangu kwanza, halafu naenda kukaa naye.

Wenye site na wazee wenu huko, mnafanyaje? Na wewe unayetaka kunitukana kwa ile asubuhi ya spika, tukana tu, nasoma comment zote.