Kigingi kwenye Tuta la Uwanja

Juzi, baada ya sala ya asubuhi, nilisikia harufu ambayo hapa Garissa haiji mara nyingi: nyasi mbichi zilizokatwa, zimechanganyika na petroli. Kijana aliyeitwa kusafisha kiwanja cha madrasa yetu alikuwa amewasha mashine yake. Nilisimama mlangoni na birika la chai mkononi, nikamkumbuka Mzee Mutua, na nikakikumbuka kigingi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwaka uliofuata mvua kubwa za Elnino. Maji yalikuwa yamekwenda zake, na maradhi yaliyoyafuata yaliwamaliza mbuzi wetu, akabaki mmoja tu, Adey, yaani mweupe, ingawa kwa tope la Tana weupe wake ulikuwa wa kusadiki tu. Hooyo, mama yangu, alikuwa amekaukiwa maziwa, na mdogo wangu Yusuf aliishi kwa maziwa ya Adey. Kumlisha Adey ilikuwa kazi yangu. Nyasi za porini zilikwisha kukauka. Zilizobaki kijani zilikuwa kwenye tuta la uwanja wa sherehe, ule ukingo mrefu wa udongo upande wa mtoni.

Tuta lilikuwa mikononi mwa Mzee Mutua, mtu wa kutoka Mwingi aliyeajiriwa kuutunza uwanja. Alikuwa na mashine nyekundu ya kusukuma, yenye mdomo ubavuni wa kutemea nyasi. Kwetu sisi watu wa mifugo, kukata nyasi na kuziacha chini ni kama kupika na kumwaga. Kwa hiyo kila alipokata, watoto na kina mama tulimfuata na magunia, na kila mmoja alitaka kusimama mbele ya ule mdomo ili nyasi zimwangukie yeye kwanza.

Mzee Mutua hakukubali. Alichora mstari wa jivu mbali chini ya tuta, akatuambia, "Mwisho hapo. Anayevuka, nazima." Na kweli alizima. Mtoto akivuka, alizima. Mbuzi akivuka, alizima, akaketi juu ya ndoo yake mpaka mbuzi arudishwe.

"Huyu mtu anachunga nyasi ya Mungu kama shamba ya baba yake," alisema jirani yetu Mama Halima, kwa sauti ya kusikika.

"Nyasi ni ya Mungu, mama," akajibu Mzee Mutua bila kukasirika. "Kisu ndicho changu."

Alikuwa na mambo yake mengi. Hakukata kabla umande haujakauka. Alivaa mabuti mazito katika joto letu hili. Kwenye mteremko alikwenda kwa kukingama, upande hadi upande, hakuteremka nao moja kwa moja hata siku moja. Na kabla ya kuwasha, alilipitia tuta lote kwa miguu, fimbo mkono huu na karai mkono ule, akiokota mawe, mifupa na makopo.

"Mzee, umeangusha meno?" tulimwuliza.

"Nayatafuta yenu," alisema, "kabla hayajang'oka."

Lililowaudhi watu wazima ni jingine. Kila alipotaka kutoa nyasi zilizoganda chini ya mashine, kwanza alifungua plagi, ile inayowasha moto wa injini, akaitia mfukoni. Anatuona wezi, walisema. Nami niliamini.

Asubuhi moja alikuwa amemaliza kuokota, akaenda kukaa kivulini kungoja umande. Jana yake nilikuwa nimerudi nyumbani na nusu gunia, maziwa yakawa kidogo, na Yusuf akalia hadi sauti ikamkauka. Niliamua kutongoja mstari. Nilimpitisha Adey upande wa mtoni, nikapigilia kigingi chetu cha chuma katikati ya nyasi ndefu, karibu na kichuguu, nikamfunga ale kwanza. Porini ndivyo tulivyozoea: mahali penye kamba yako ni pako.

Mara nikasikia mashine ikiunguruma. Nikakivuta kigingi, kilikuwa kimezama vizuri mno. Nilimfungua Adey kamba, nikakimbia naye, nikazunguka na kuja kusimama nyuma ya mstari na wenzangu, kama mtu aliyetoka usingizini sasa hivi.

Mzee Mutua alianza juu ya tuta, akaenda, akarudi, kila mara akishuka hatua moja. Nilikiona kichuguu kikimkaribia. Nikisema, tutafukuzwa, na Yusuf atakosa maziwa. Nisiposema... Nilisoma haraka haraka sura nilizozijua, nikimwomba Mungu akiondoe kigingi mwenyewe. Mzee Mutua akageuka tena.

"Mzee, simama!" nikapiga kelele. "Iko chuma!"

Mashine ilimeza sauti yangu. Basi nikavuka mstari.

Hakujua kwa nini nakimbia, wala hakungoja kujua. Alizima. Palikuwa kimya hata nikasikia njiwa ng'ambo ya mto.

"Nini tena?"

Nikaonyesha kwa kidole. Alitenganisha nyasi kwa fimbo, na kigingi kilikuwa hapo, hatua mbili mbele ya gurudumu. Alikitazama, kisha akatazama chini ya tuta kwa muda mrefu, walikokuwa watu na magunia yao, Mama Halima amembeba mjukuu kiunoni. Akakitikisa, akaking'oa, akanipa.

"Ulifunga nini?"

"Mbuzi. Mtoto wetu anakunywa maziwa yake."

Nilingoja kufukuzwa. Akajipangusa uso kwa kofia. "Kesho uje mapema, tutembee pamoja. Macho yangu yamezeeka. Na gunia lako utalijaza kabla ya wengine."

Tukatembea pamoja miezi mingi. Siku moja nikathubutu kumwuliza kama plagi anaificha tusiiibe. Alicheka hadi akaweka karai chini. "Siwaogopi nyinyi. Naiogopa hii mashine. Ikiamka mkono uko ndani, haiulizi ni wa nani." Nilipolifikisha neno hilo nyumbani, ayeeyo, bibi yangu, alisema, "Basi tumemdhania vibaya." Kesho yake alinipa chupa ya chai ya maziwa nimpelekee, na hakuacha.

Msimu uleule mwalimu wa dugsi, chuo chetu cha Kurani, alitufundisha kwamba kuondoa kinachoudhi njiani ni tawi la imani. Niliikariri hadithi ile vizuri kuliko wote, na kila asubuhi nilitembea kando ya mtu mwenye karai nisiione ikitendwa.

Miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba siku ile nilimwokoa Mzee Mutua. Nilikuwa mama wa watoto nilipofahamu alichokuwa akikitazama chini ya tuta. Mdomo wa mashine ulikuwa umetuelekea sisi, na chuma kikipigwa na kisu hurushwa kupitia humo. Yeye alikuwa nyuma yake, na mabuti yake. Sisi tulikuwa na kandambili na magunia, na yale majivu tuliyoyaona uchoyo.

Juzi nilimwomba yule kijana azime. Alizima kwa shingo upande. Nikaweka birika chini, nikachukua karai, nikawaita wanafunzi wangu, tukakipitia kiwanja chote. Walicheka, nami sikuwakataza. Tulipata mifupa mitatu, kufuli, na karibu na ukuta, kigingi.