Mguu wa Malaika kwenye Sakafu ya Kanisa

Nililelewa kijijini Nundu, kwa Waprotestanti, na kanisa nililolijua lilikuwa nyumba ya udongo yenye mabenchi. Nilipoolewa mjini Baraka kwa Wakatoliki, mama mkwe wangu akanisimulia habari za kanisa kubwa la matofali upande wa rasi ya Ubwari, ambalo mapadri wa kwanza walilijenga kisha wakaliacha. Mbele ya altare, alisema, kuna tofali lenye alama ya mguu mdogo. Malaika aliteremka hapo wakati wajenzi walipokata tamaa. Mwanamke akiigusa alama hiyo, atazaa.

"Malaika anatembea bila viatu?" niliuliza.

"Utaenda kuona mwenyewe," alinijibu, na hakucheka.

Tulikwenda sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, wakati wa kiangazi, ziwa likiwa limetulia. Mama yake mama mkwe, ambaye sote tulimwita koko, yaani bibi, alisema naye anakuja. Tulishangaa, kwa maana alikuwa mzee sana na hata sokoni alikuwa haendi tena. Alikaa katikati ya mtumbwi akishika kingo kwa mikono miwili mpaka tukafika.

Sikuwa nimewahi kuona kuta nene namna ile. Paa lilikuwa limeanguka upande mmoja na nyasi zimeota juu ya matao. Nilizunguka nikigusa kila kitu: nguzo, shimo la kengele iliyoondolewa, rangi ya buluu iliyobaki kwenye pembe. Misa ya sikukuu iliyosomwa humo ilipokwisha, wanawake wakapanga foleni kwenye lile tofali. Zamu yangu ilipofika nilipiga magoti, lakini badala ya kusali nikaangalia. Alama ilikuwa ya mguu wa kushoto, na kidole cha pili kilikuwa kimelalia kile kikubwa.

Nilikuwa nimeona kidole kama hicho. Nilikiosha kila jioni.

Nikageuka. Koko alikuwa amesimama nyuma yangu, amevua ndala.

"Ni muguu yangu," alisema.

"Mama, nyamaza," mama mkwe alimnong'oneza. "Bantu banasikia."

"Basikie. Mapadri balitununuaka kwa soko ya batumwa kule Ujiji, sisi batoto. Mama alibakia kwa ule mwenye alituuzisha. Siku moja tulikuwa tunachunga mbuzi, matofali imeanikwa pale kwa jua, ingali mubichi. Nikaona mutumbwi inakuja. Nikasema ni mama. Nikakimbia juu ya matofali yote mupaka kwa maji."

"Alikuwa yeye?" niliuliza.

"Hapana. Balikuwa balobaji na samaki yabo. Nilipigwa fimbo sababu ya kuharibu matofali."

Kisha mwanamke mmoja kwenye foleni akapiga magoti, si mbele ya tofali, bali mbele ya koko, akanyoosha mkono kumshika mguu. Mwingine akafuata.

"Muniache!" koko alipiga kelele. "Hii muguu imekanyaga mavi ya mbuzi!"

Nikacheka kwa sauti, ndani ya kanisa, na baadhi ya wale wanawake wakacheka pia. Lakini hawakumwachia. Ilibidi nimshike koko mkono na kumtoa nje kwenye kivuli cha ukuta, huku mama mkwe akitufuata na ndala mkononi.

Mama mkwe alipiga magoti amvalishe mama yake. Nilidhani angemgombeza. Akabaki pale chini, ameshika ule mguu.

"Mama yako aliitwa nani?" aliuliza. "Haukunielezaka."

Koko aligeuza macho ziwani.

"Nilimwitaka mama tu," alisema.

Tukiwa mtumbwini, mama mkwe ndiye aliyeuliza maswali njia nzima: alikuwa mrefu? alisuka nywele namna gani? aliimba? Mengi koko hakuyakumbuka. Alikumbuka kwamba mama yake alipenda ndizi za kuchoma, na kwamba alikuwa akimbeba mgongoni hata alipokuwa mkubwa wa kutembea mwenyewe.