Nyoka Kumi na Moja wa Bibi Odeta

Hii habari naisimulia nimeangalia chini, maana mpaka leo nikipita mtaani kwetu Kawajense kuna watu wananyamaza kwanza, halafu wanacheka nikishapita.

Mimi napeleka habari redioni hapa Mpanda, za wanyama, miti ya dawa na mambo ya watu wa zamani. Sijaajiriwa, wakiipenda wanaisoma, wasipoipenda basi. Mhariri alikuwa ameniambia nikileta moja ya kushangaza atanipa kipindi changu cha kila wiki, na kipindi hicho nilikuwa nakiota hata mchana.

Basi nikaenda kwa Bibi Odeta, jirani yetu, ambaye nyumbani kwao wanaongea Kirundi na anajua dawa nyingi za miti. Akaniambia kuna mtu hapo mtaani nyoka zilimsumbua mwaka mzima, yeye akatoa mizizi ikachemshwa, asubuhi yake zikatoka kumi na moja.

"Nyoka, bibi?"

"Nyoka, mjukuu wangu. Nyingine ndefu kama huu mkono."

Nikafungua daftari. (Naandika polepole, nikimaliza neno moja mtu ameshasema kumi, lakini siku hiyo kalamu ilikimbia yenyewe.) Nilitaka kuuliza zilitoka wapi, ila bibi alikuwa ameinamisha uso, akasema, "Hayo hayasemwi mbele za watu," nami nikaona hapa sasa nimefika kwenye siri ya mababu, nikaona aibu kuendelea, swali nikalimeza. Nikaandika: dawa ya kale inayofukuza nyoka majumbani.

Redio wakaitangaza wiki nzima kwamba wanakuja kurekodi. Jumamosi uwanja wa bibi ukajaa, mtangazaji akaja na mtaalamu wa nyoka, amevaa mabuti mpaka magotini, ana fimbo yenye ndoano na ndoo yenye mfuniko. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye amemuoa binti wa bibi, akakaribisha wageni kwa sauti kubwa: "Mtaa huu una hazina, na hazina yenyewe ni mama mkwe wangu." Mimi nilikuwa nimesimama kando, tayari najisikia redioni.

"Bibi," mtaalamu akasema, "tuonyeshe shimo zilikotokea."

Bibi akajifunika mdomo kwa kitenge.

"Usiogope, mama. Naingiza fimbo taratibu tu, nione kama kuna zilizobaki."

Kule nyuma wamama wanaojua Kirundi wakaangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa. "Nyie," akasema akifuta machozi, "kwetu nyoka na minyoo ya tumboni ni neno moja."

Uwanja mzima ukacheka. Mwenyekiti naye alicheka, kuliko wote, mpaka mtaalamu alipouliza, "Sasa mgonjwa mwenyewe ni nani?" Hapo akakohoa, akasema, "Mkutano umefungwa."

"Huyu mtoto nilimwambia hayasemwi," bibi akasema, akaingia ndani.

Jioni mhariri akapiga simu. Nilijua nimekwisha, kumbe hapana. "Kipindi bado kipo," akasema, "ila uje urekebishe mwenyewe hewani. Sentensi moja inatosha." Jumapili nzima nilifanya mazoezi: hazikuwa nyoka, zilikuwa minyoo, tunaomba radhi. Hata mbuzi wetu waliijua.

Jumatatu nikakalishwa mbele ya kipaza sauti, taa nyekundu ikawaka, na mtu niliyemwona kichwani ni mmoja tu, nikasikia sauti yangu ikisema, "Hazikuwa nyoka, zilikuwa minyoo. Mwenyekiti wa mtaa, naomba unisamehe."

Mtangazaji akaweka wimbo haraka. Mpaka saa hiyo waliojua mgonjwa ni nani ni watu wa uwanjani pale tu, sasa wakajua mpaka wavuvi wa Karema, kule ziwani.

Kipindi alipewa mwingine. Habari bado naandika, na neno nisilolielewa naliuliza mpaka mwisho, hata uso ukiniwaka moto. Lakini nimeapa, nikimkosea mtu, radhi nitaenda kuiomba mlangoni kwake, kwa miguu, kwa sauti ya chini, akiwa peke yake.