Tuta la Marsela

Mwalimu wa bustani wa parokia yetu akifika kwako haanzi na salamu. Anavua kandambili, anainama, anachomeka vidole viwili kwenye tuta, anakaa kimya kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ndipo anasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Kucha zake zina weusi wa mboji usiotoka hata Jumapili. Sauti yake ni ya chini, imekwaruza, na maneno ni yale yale kila nyumba: "Funikeni. Udongo usilale uchi." Akikuta tuta halina matandazo hagombi, anakwenda kuokota majani makavu mwenyewe, na hapo ndipo unapoona aibu.

Kiangazi hiki tulimzika Marsela, aliyechimba na mwalimu tuta la kwanza hapa kijijini, kina cha mkono mzima. Wachimba kaburi walijaribu nyuma ya nyumba, sururu ikagonga tu ardhi iliyokauka. "Mwalimu, utusamehe," akasema Silvanus, mume wa marehemu. "Palipo laini ni hapa bustanini tu." Mwalimu alipiga magoti, akasogeza matandazo pembeni, akang'oa sukuma wiki shina moja moja, akawapa watoto wa Marsela wapeleke jikoni. Baada ya maziko, watu wakiwa wananawa mikono, alirudi peke yake akatandaza yale majani makavu juu ya kaburi, mpaka kwenye kona. Kisha akavua kandambili, akachomeka vidole viwili, akakaa kimya.

"Tumsifu Yesu Kristo," akasema, akangoja aitikiwe.