Nyama Iliyopelekwa Maabara

Pale Nyarugusu, nilipokuwa nikiwapikia wachimbaji wa dhahabu wali na maharage, wanaume waliotoka duarani, kwenye mashimo yao, waliyasalimia matiti yangu kabla ya kunisalimia mimi. Nilicheka nao kwa sababu walikuwa wateja, lakini moyoni niliwalaani. Hakuna aliyejua kwamba mikanda ya sidiria imenichimba mabega hadi kutoa vidonda, wala kwamba nikiinamia sufuria shingo inakaza mpaka naona giza.

Nilipomwambia mume wangu kuwa daktari mmoja Mwanza amekubali kunipunguza matiti, alinikazia macho kana kwamba nimeuza ng'ombe wake.

"Mimi nilioa mwanamke mzima," alisema. "Ukikatwa, shauri yako."

Mama yake, aliyekuwa akiishi nasi, akadakia, "Mkamwana, matiti ni ya watoto na ya mumeo. Wewe nani kakuruhusu?"

"Na mabega haya, mama, ni ya nani?"

Akatema mate chini. Sikuzungumza naye tena hadi nilipoondoka.

Dada yangu alitoka Shinyanga kunisindikiza Mwanza. Upasuaji ulikwenda salama. Niliporudi hospitalini kuonyesha mshono, daktari, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi, alifunga mlango kwanza. Akanieleza kuwa nyama wanayoitoa hupelekwa maabara hata kama mgonjwa hana dalili yoyote. Katika ile ya titi la kushoto walikuta chembe zisizo za kawaida.

"Si saratani," alisema. "Ila zimeanza kubadilika, na zingeweza kufika huko. Itabidi tuwe tunakupima."

"Nisingepasuliwa mngejua?"

"Hapakuwa na uvimbe wa kushika. Tusingejua."

Sikulia. Nilishikwa na hasira. Macho yote yale yaliyonikodolea miaka nenda miaka rudi, na hakuna lililoona kitu!

Nyumbani nilieleza kila kitu, nikidhani watashukuru. Mama mkwe akapiga makofi. "Si ulikuwa mzima? Kisu ndicho kimeuamsha ugonjwa!" Alilisema hilo kisimani, akalisema kanisani, likafika hadi kwenye karasha za kusagia mawe. Wateja wakapungua, wakasema chakula changu kitawaambukiza kansa. Mume wangu akahamia chumba cha mama yake.

"Nilikuonya," aliniambia.

"Hukunionya. Ulinikataza. Ningekusikiliza, ningekuwa naoza taratibu huku wewe ukijisifu una mke mzima."

Aliinua mkono. Nikachukua mwiko, nikasimama. Akashusha mkono.

Wiki hiyohiyo nilifunga masufuria yangu nikahamia kwa dada, nikaanza kupika karibu na stendi ya Shinyanga. Kliniki ya Mwanza sikuikosa. Safari moja walihisi kitu tena, wakakata kipande kidogo, nikasubiri jibu. Kipande kilikuwa safi.

Mume wangu alikuja siku moja, mchana, wateja wakiwa wamejaa. Kabla ya salamu, macho yake yalinitua kifuani.

"Yamebaki madogo sana," alisema.

"Yananitosha. Umefuata nini?"

Akasema mama yake amechoka kupika, nirudi. Sikumpa kiti. Niliendelea kupakua, nikimpita kila mara kana kwamba ni nguzo ya banda. Alisimama juani hadi shati likalowa jasho, kisha akaenda zake.